Tone la Damu na Majibu Yake: Historia ya Upimaji wa VVU Afrika Mashariki

Kupima damu kwa hiari ni desturi changa katika Afrika Mashariki. Leo mtu anaweza kupima Virusi vya UKIMWI kwenye zahanati, kwenye hema la mnadani, sebuleni kwake au akiwa peke yake chumbani. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 mambo hayakuwa hivyo. Damu ilitolewa kwa amri: mtumishi wa serikali alifika, watu wakapangwa mstari, wakachomwa, na aliyewachoma akaondoka na vifaa vyake. Mabadiliko yaliyopita kati ya nyakati hizo mbili hayakuletwa na maabara peke yake. Popote kipimo kilipofika, watu waliuliza maswali yale yale matatu: anayechukua damu ni nani, damu inapelekwa wapi, na majibu atayajua nani. Historia ya upimaji ni historia ya namna maswali hayo yalivyojibiwa, na ya watu wa mitaani na vijijini waliobeba kazi ya kuyajibu.

Damu isiyorudi na majibu

Ugonjwa uliozoesha watu wa kanda ya Ziwa Viktoria upimaji wa halaiki ni malale. Mlipuko wa mwanzoni mwa karne ya 20 uliua watu zaidi ya 200,000 nchini Uganda, hasa Busoga, Buganda na visiwani. Mwaka 1906 daktari Mjerumani Robert Koch aliweka kambi yake katika Visiwa vya Ssese. Ili kuutambua ugonjwa, madaktari walipapasa tezi za shingo, wakazidunga sindano na kuyachunguza majimaji yake kwa hadubini. Aliyekutwa na vimelea alitibiwa kwa atoksili, dawa yenye aseniki ndani yake, na baadhi ya wagonjwa waliopewa dozi kubwa walipofuka. Baadaye serikali ya Uganda iliwahamisha wakazi wa kandokando ya ziwa wakaacha makazi na mitumbwi yao. Mkazi wa kawaida aliyeyaona hayo hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kupimwa kulikuwa mlango wa kutengwa, kuhamishwa au kupoteza macho.

Uchunguzi wa matende uliongeza jambo jingine. Vimelea vya matende vya eneo hili hujitokeza kwa wingi kwenye damu ya karibu na ngozi wakati wa usiku, hivyo wapimaji walilazimika kupita usiku, taa mkononi, wakichoma watu vidole na kupaka damu kwenye vioo. Kisayansi hapakuwa na njia nyingine wakati huo. Kwa mtu aliyeamshwa usingizini na wageni wanaotaka damu, sayansi hiyo haikuonekana. Mara nyingi wapimaji waliondoka na vioo vyao, na kijiji hakikuelezwa kilichoonekana humo.

Hofu iliyozaliwa humo ilikuwa na jina tayari. Mumiani ni neno lenye asili ya Kiajemi, na hapo mwanzo lilitaja dawa nyeusi mfano wa lami iliyouzwa katika miji ya pwani kutibu maumivu na mivunjiko ya mifupa. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyohaririwa na Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1939 inaeleza kwamba wengi waliiamini dawa hiyo kuwa damu ya binadamu iliyokaushwa, na kwamba uvumi wa kutafutwa kwake ulitosha kuwatia watu kiwewe. Nairobi na Kampala lawama za kunyonya damu ziliwaangukia wazimamoto na magari yao mekundu. Sehemu kadhaa za Tanganyika watu walisimuliana habari za wachinjachinja. Mwaka 1959 uvumi wa mumiani ulizua ghasia Buguruni, jijini Dar es Salaam.

Ni rahisi kuziita habari hizo ushirikina na kuishia hapo. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu uvumi wa wanyonya damu katika Afrika Mashariki na ya Kati, alionyesha kwamba masimulizi hayo yalikuwa njia ya watu kuzungumzia utawala uliochukua nguvu zao, ardhi yao na miili yao bila kuwauliza. Damu ilichukuliwa kweli. Majibu hayakurudi kweli. Uvumi ulijaza nafasi iliyoachwa na ukimya wa wapimaji, na kumbukumbu hiyo haikufutika bendera ziliposhushwa na nyingine kupandishwa.

Miaka ya Juliana

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania, watatu kwa idadi, walitambuliwa mwaka 1983 mkoani Kagera. Ng'ambo ya mpaka, katika kijiji cha wavuvi cha Kasensero wilayani Rakai, vijana walikuwa wameanza kuzikwa tangu mwaka uliotangulia. Waganda waliuita ugonjwa huo silimu, kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Kagera waliuita Juliana, jina la nguo iliyopendwa iliyovushwa kwa magendo kutoka Uganda katika miaka iliyofuata vita vya 1978–79 kati ya Tanzania na Uganda. Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa.

Kipimo cha kutafuta kingamwili za virusi kilianza kutumika duniani mwaka 1985. Kilihitaji maabara, umeme wa uhakika na mtaalamu, na majibu yake yalichukua siku au wiki. Kilitumika kwanza kuchuja damu ya kuongezewa wagonjwa na kufuatilia kasi ya ugonjwa. Katika kliniki za wajawazito zilizochaguliwa, damu iliyobaki baada ya kipimo cha kaswende iliondolewa jina na kupimwa VVU. Taifa lilipata takwimu zake, lakini mama aliyetoa damu hakupata majibu. Utaratibu huo ulikubalika kimataifa na ulilinda siri ya mtu, hata hivyo ulifuata nyayo za zamani, damu ikienda na neno lisirudi.

Hata pale majibu yalipotolewa, yalikuwa mzigo bila mbeleko. Dawa haikuwepo. Aliyejulikana kuwa na virusi aliweza kupoteza kazi, ndoa, nyumba ya kupanga na hata kikombe cha kunywea maji nyumbani kwao. Mitaani herufi za neno AIDS zilitafsiriwa upya kuwa "Acha Iniue Dogodogo Siachi". Watu waliyacheka maneno hayo, lakini ndani yake mlikuwa na kukata tamaa kwa waliokwisha kuona kwamba kujua na kutojua kunaishia kaburi lile lile. Kuwaambia watu hao wakapime bila kuwaonyesha faida ya kupima ilikuwa kazi bure.

Kampala: majibu yanapewa mwenyewe

Mabadiliko yalianza kwa watu walioguswa na ugonjwa wenyewe. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, aliyempoteza mume wake Januari ya mwaka huo, aliungana na wenzake wachache kuanzisha TASO, shirika la Uganda la kuwasaidia wagonjwa wa UKIMWI na familia zao. Baadhi ya waanzilishi walikuwa wanaishi na virusi. Mwaka 1989 mwanamuziki maarufu Philly Lutaaya alitangaza hadharani kwamba ana UKIMWI, akazunguka mashuleni na makanisani kuzungumza na watu hadi afya ilipomwishia. Alifariki Desemba mwaka huo huo. Kwa mara ya kwanza Waganda wengi walimsikia mtu wanayemjua na kumpenda akitamka jina la ugonjwa wake kwa kinywa chake.

Februari 1990 kilifunguliwa Kampala kituo cha habari za UKIMWI, AIC, ambacho kilikuwa cha kwanza kusini mwa Sahara kutoa huduma ya upimaji wa hiari bila kutaja jina. Mteja alipewa namba. Alikaa na mshauri nasaha kabla ya kutoa damu, akaulizwa kwa nini anataka kupima na angefanya nini kwa kila jibu. Baada ya hapo alisubiri wiki mbili. Majibu yalitolewa ana kwa ana, kwa mwenye namba tu. Waliokwisha kupima, wenye virusi na wasio navyo, walikutana katika klabu moja, ambamo walisaidiana na kutoka pamoja kwenda kuelimisha wengine. Klabu hiyo ilikuwa hatua ya busara. Kwa kuwa ilikusanya watu wa majibu yote mawili, kuonekana ukiingia humo hakukumwambia jirani chochote.

Ubora wa njia hiyo ulipimwa kati ya 1995 na 1998 katika utafiti uliofanyika Nairobi, Dar es Salaam na Port of Spain, Trinidad, ukihusisha watu 3,120 mmoja mmoja na jozi 586 za wenza. Wanaume waliopata ushauri nasaha na kipimo walipunguza ngono isiyo salama na watu wasio wenza wao wa kudumu kwa asilimia 35, ilhali waliopewa elimu ya afya pekee walipunguza kwa asilimia 13. Kwa wanawake punguzo lilikuwa asilimia 39 dhidi ya 17. Hivyo mazungumzo ya faragha na jibu lililopokelewa na mhusika mwenyewe vilifanya kazi ambayo mabango peke yake hayakuweza.

Wanawake wa Kilimanjaro

Tanzania nayo haikusubiri maagizo kutoka juu. Mwaka 1989 Theresa Kaijage na wenzake walianzisha jijini Dar es Salaam WAMATA, kikundi cha kuwasaidia wagonjwa wa UKIMWI. Mwaka 1992 kikundi kidogo cha watu wanaoishi na virusi kiliomba msaada wa Kanisa Katoliki, na kutoka hapo ikakua PASADA, ambayo ilikuja kuwa mtoaji mkubwa wa huduma katika jiji hilo. Vikundi kama hivyo vilianza na uji, mashuka na kukaa na mgonjwa. Upimaji ulikuja baadaye, juu ya msingi uliokwisha kujengwa.

KIWAKKUKI, yaani Kikundi cha Wanawake Kilimanjaro Kupambana na UKIMWI, kinaonyesha vizuri jinsi msingi huo ulivyokuwa. Kilianzishwa Moshi mwaka 1990, na wanachama wake walikuwa wanawake wa kawaida: wauguzi, walimu, wakulima, mama wa nyumbani. Walijipanga katika vikundi vya vijijini mkoani kote, wakatembelea wagonjwa majumbani, wakasaidia yatima kwenda shule. Mwanamke wa KIWAKKUKI alipopiga hodi, alikuwa ameshapiga hodi hapo mara nyingi, na safari za awali hakuja kuomba damu. Alikuja kumsaidia mama mkwe kumgeuza mgonjwa kitandani.

Kikundi hicho kilipofungua huduma ya ushauri nasaha na upimaji mjini Moshi mwanzoni mwa miaka ya 2000, kilitoa pia funzo kuhusu gharama. Mteja alitozwa ada ndogo. Ada hiyo ilipoondolewa kwa muda wa kampeni, wastani wa wateja kwa siku ulipanda kutoka 4 hadi 15. Iliporudishwa, idadi ilishuka lakini ilibaki 7 kwa siku, karibu mara mbili ya mwanzo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2006. Yalionyesha kwamba watu wengi waliodhaniwa kuwa waoga walikuwa wamezuiwa na fedha, na kwamba mlango ukishafunguliwa, waliopita huwaambia wengine.

Kipimo kinabaki mezani

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 vipimo vya haraka vilianza kuchukua nafasi ya vile vya maabara kubwa. Hatua zake ni chache na kila moja inaonekana. Mpimaji hufuta ncha ya kidole kwa pamba yenye spiriti na kuiacha ikauke. Huchoma pembeni mwa ncha kwa kisindano cha kutumika mara moja, hufuta tone la kwanza, kisha hukusanya linalofuata kwa kimrija chembamba na kulidondoshea kwenye kipimo chenye ukubwa wa kidole. Huongeza tone la kimiminika na kutazama saa. Damu hupanda taratibu, ikiacha weupe nyuma yake. Mstari mmoja huonyesha kwamba kipimo chenyewe ni kizima. Ukijitokeza wa pili, hufanywa kipimo kingine cha aina tofauti ili kuthibitisha. Ndani ya dakika 15 hadi 20 kazi imekwisha.

Kwa mtaalamu, faida ilikuwa muda. Chini ya mpango wa zamani watu wengi walitoa damu wasirudi kuchukua majibu, kwa kuwa wiki mbili za kusubiri zilitosha kuvunja moyo. Kwa mteja faida ilikuwa kubwa zaidi. Damu yake ilibaki mezani mbele ya macho yake tangu ilipotoka mwilini mpaka jibu lilipoonekana. Hapakuwa na chupa iliyoondoka na gari. Swali la zamani, lile la damu inapelekwa wapi, lilipata jibu ambalo hata asiyejua kusoma aliweza kulihakiki.

Mwaka 2001, kwa ufadhili wa Marekani, shirika la AMREF lilianzisha nchini Tanzania mtandao wa vituo vya upimaji wa hiari ulioitwa Angaza. Mwaka huo huo Kenya ilichapisha mwongozo wake wa taifa wa upimaji wa hiari. Vituo vikaongezeka kwa kasi, vingine ndani ya hospitali, vingine katika majengo yake yenyewe, vingine vikitembea kwa gari. Kisha, Oktoba 2004, Tanzania ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo kupitia kliniki za tiba na matunzo. Hapo kupima kukapata maana mpya. Jirani aliyekuwa amebebwa kwenda hospitali kwa machela alionekana baada ya miezi michache akilima shamba lake, na hapakuwa na mhamasishaji aliyeweza kusema zaidi ya hapo.

Kisarawe: huduma inawafuata watu

Vituo, hata vikiwa vizuri, viliwafikia wenye nauli na wenye ujasiri wa kuonekana wakiingia. Swali la nini kitatokea huduma ikiwafuata watu lilijibiwa katika utafiti mkubwa uitwao Project Accept, uliofanywa katika jamii 48 za Tanzania, Zimbabwe, Afrika Kusini na Thailand. Kwa upande wa Tanzania ulifanyika Kisarawe mkoani Pwani, wilaya ya wakulima wa mihogo na korosho iliyo karibu na Dar es Salaam, ambako vijiji vingi viko mbali na hospitali.

Nusu ya jamii ziliachiwa huduma ya kawaida ya vituo. Nusu nyingine zilipata mambo matatu kwa pamoja. La kwanza lilikuwa uhamasishaji uliofanywa na watu wa kijiji wenyewe, waliojitolea na kuzungumza na wenzao katika vikao vya kila siku vya maisha yao. La pili lilikuwa timu za upimaji zilizosogea hadi kijijini na kupanga ratiba kwa kuafikiana na wenyeji. La tatu lilikuwa msaada baada ya kupima: vikundi vya kukutania na mafunzo ya kukabiliana na hali mpya na kujikinga na unyanyapaa.

Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 2011. Katika jamii za Kisarawe zilizofuatwa, asilimia 37 ya walengwa walipata kipimo chao cha kwanza katika kipindi cha utafiti, ikilinganishwa na asilimia 9 katika jamii zilizotegemea vituo. Zimbabwe uwiano ulikuwa asilimia 51 kwa 5, na Thailand asilimia 69 kwa 23. Matokeo ya mwisho, yaliyotolewa mwaka 2014, yalionyesha kwamba kwa jumla maambukizi mapya yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 14 katika jamii zilizopata huduma hiyo. Punguzo hilo la maambukizi lilikuwa la wastani, lakini ongezeko la waliopima halikuacha shaka.

Uzoefu wa aina hii ulidhihirisha pia tofauti ndogo ambayo mipango mingi ilikuwa imeipuuza. Mtu humwamini jirani yake anapomwalika kwenda kupima, lakini mtu huyo huyo humwogopa jirani anapofikiria ni nani atayajua majibu. Ndiyo maana wapo waliovuka zahanati tatu na kupanda basi kwenda kupima mahali wasikojulikana. Mgawanyo wa kazi uliojitokeza kuwa salama ni mwalikaji kuwa mtu wa hapo hapo, mpima damu kuwa mtu asiye na ndugu kijijini, na hema kuwekwa mahali ambapo aingiaye huweza kuwa amefuata jambo lingine lolote. Uhamasishaji wa jamii haumaanishi jamii kujua siri ya kila mtu. Maana yake ni jamii kuamua namna siri hizo zitakavyotunzwa.

Kutoka Mnazi Mmoja hadi sheria

Tarehe 14 Julai 2007, kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja jijini Dar es Salaam, Rais Jakaya Kikwete na mke wake Salma walipima VVU hadharani na kuzindua kampeni ya taifa ya upimaji, yenye lengo la kuwafikia watu zaidi ya milioni 4. Kaulimbiu ilikuwa "Tanzania bila UKIMWI inawezekana". Kampeni ilipita mikoani ikiongozwa na wakuu wa mikoa na wilaya, na viongozi wengi wa dini na siasa walijitokeza kupima mbele ya watu wao.

Tendo la kiongozi lilivunja ukimya, na uzito wake haupaswi kupunguzwa. Lakini kampeni ya namna hiyo hubeba hatari yake. Kijiji kikihimizwa na mkuu wa wilaya, mstari kati ya hiari na amri huwa mwembamba, na karne nzima ya historia ilikuwa imewafundisha watu kuutazama mstari huo kwa makini. Hapo ndipo sheria ilipohitajika. Kenya ilipitisha Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na UKIMWI mwaka 2006, na Tanzania ikapitisha yake mwaka 2008. Sheria ya Tanzania inakataza kumlazimisha mtu kupima isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, kama vile amri ya mahakama, na inamtaka mtoa huduma kutunza siri ya majibu. Ahadi ambayo mshauri nasaha alikuwa akiitoa kwa mdomo ikawa haki ya raia.

Mwaka huo wa 2008, tukio la Morogoro lilikumbusha jinsi imani inavyoweza kuvunjika. Wanafunzi wa shule za msingi walipewa dawa za kichocho. Baadhi walipata kizunguzungu na kutapika, uvumi ukaenea kwamba watoto wanauawa, na wazazi wenye hasira wakavamia shule. Dawa ilikuwa salama na inajulikana, lakini wazazi hawakuwa wameandaliwa vya kutosha kwa madhara ya muda ambayo dawa hiyo huweza kuleta. Tukio hilo halikuhusu VVU, na hata hivyo linakaa katika historia hii, kwa sababu familia zile zile ndizo zinazoombwa kunyoosha kidole.

Mlango kwa mlango, na maradhi yote pamoja

Kenya na Uganda ziliipeleka huduma hatua nyingine mbele kwa kuwapima watu majumbani. Wilaya ya Bushenyi, magharibi mwa Uganda, ilifikiwa nyumba kwa nyumba katikati ya miaka ya 2000. Magharibi mwa Kenya mpango wa AMPATH wenye makao Eldoret ulianza kufanya hivyo mwaka 2007. Kupima nyumbani kuliondoa nauli na foleni. Pia kulileta jambo gumu mezani: mume na mke waliweza kupokea majibu wakiwa wamekaa pamoja, na pale yalipotofautiana, mshauri nasaha alikuwepo kuwashika mkono. Kwa wanawake wengi waliokuwa wakibeba siri peke yao kwa kuogopa kipigo au kufukuzwa, uwepo wa mtu huyo wa tatu ulikuwa kinga.

Mpango mwingine ulijibu kero ambayo wanavijiji walikuwa wameitaja muda mrefu, kwamba wageni wanaulizia UKIMWI tu huku watu wakisumbuliwa na mengine. Katika utafiti wa SEARCH, ulioanza mwaka 2013 katika jamii 32 za vijijini nchini Kenya na Uganda, zilifanyika sherehe za afya za kijiji ambako mtu alipimwa shinikizo la damu, sukari, malaria na VVU mahali pamoja. Wasiohudhuria walifuatwa nyumbani. Kati ya watu wazima 146,906 wenye makazi ya kudumu, asilimia 89 walipimwa VVU. Aliyesimama kwenye foleni hiyo hakuweza kunyooshewa kidole, kwa kuwa bibi aliyekuja kwa shinikizo la damu na kijana aliyekuja kwa VVU walipita mlango mmoja.

Wanaume, wenza na kipimo cha mkononi

Kundi lililobaki nyuma kwa miaka mingi ni wanaume. Wanawake hupimwa wanapokwenda kliniki ya uzazi, lakini mwanaume mwenye afya njema hana sababu ya kukanyaga zahanati. Wengi walichukua majibu ya mke kuwa ni yao, kosa lililogharimu maisha. Juni 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua Dodoma kampeni ya Furaha Yangu, iliyowalenga hasa wanaume na kuambatana na utaratibu mpya ulioanza Tanzania mwaka 2016 wa kumwanzishia dawa kila anayekutwa na virusi bila kusubiri kinga ishuke. Wapimaji walikwenda viwanja vya mpira, vijiwe vya bodaboda, mialo ya wavuvi na machimbo ya dhahabu, mara nyingine jioni baada ya kazi.

Waliowafungulia njia walikuwa waelimishaji rika, wengi wao wakiwa ni watu wanaoishi na virusi, WAVIU, kupitia vikundi vyao vya wilaya vinavyoitwa konga. Mwelimishaji rika husimulia yaliyompata: siku aliyopata majibu, aliyemwambia kwanza, dawa anazomeza kila usiku, watoto aliowazaa bila maambukizi. Hakuna kipeperushi kinachoweza kujibu swali la "na wewe je?", lakini yeye hulijibu.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mtu aruhusiwe kujipima mwenyewe. Kenya ilianza kusambaza vipimo vya namna hiyo mwaka 2017. Tanzania ilibadili sheria Novemba 2019, ikaruhusu kujipima na kushusha umri wa kuridhia kipimo bila mzazi kutoka miaka 18 hadi 15. Baadhi ya vipimo hivyo hutumia majimaji ya kwenye fizi, na havihitaji hata tone moja la damu. Mtu anayekutwa na dalili ya maambukizi bado anatakiwa kwenda kituoni kuthibitisha, na hapo jirani mwema, mwenza au mwelimishaji rika anahitajika kuliko wakati mwingine wowote, kwa kuwa jibu lililopokelewa upweke linaweza kufukiwa upweke.

Takwimu zinaonyesha umbali uliokwisha kupitiwa. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2016–17 ulikuta kwamba takriban asilimia 61 ya watu wazima wenye VVU walikuwa wanajua hali zao. Utafiti wa 2022–23 ulikuta asilimia 82.7. Kati ya waliojua, asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa, na kati ya hao asilimia 94.3 walikuwa wamefubaza virusi. Kwa maneno mengine, mtu akishapima na kujua, karibu kila kitu kingine hufuata. Kizingiti kikubwa kilichobaki ni kile cha kwanza, cha kunyoosha kidole.

Kizingiti hicho huvukwa kwa masharti ambayo watu wa eneo hili wameyadai tangu enzi za malale. Mtu anataka kumjua anayemwalika, kuiona damu yake mpaka mwisho, na kuwa wa kwanza kuyasikia majibu yake. Wanawake wa Moshi, wanaklabu wa Kampala, wahamasishaji wa Kisarawe na WAVIU wa konga waliyatimiza masharti hayo kwa miguu yao wenyewe, nyumba baada ya nyumba.